Nyundo, Sabuni na Bati: Ufundi wa Magari ya Kale katika Milima ya Chai

Ufufuaji wa magari ya kale, yaani kazi ya kulirudishia gari lililochakaa hali liliyokuwa nayo lilipotoka kiwandani, ni ufundi ambao sifa zake zimevuma zaidi Marekani, ambako wapo wanaotumia sehemu kubwa ya umri wao kutafuta na kutengeneza yale yanayoitwa magari ya misuli. Hayo ni magari ya umbo la wastani yaliyotiwa injini kubwa za silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la herufi V, na zama zake, ambazo wengi huzihesabu tangu Pontiac GTO ya mwaka 1964, zilikuwa fupi, kwani bima ghali, sheria za moshi na uhaba wa mafuta wa mwaka 1973 viliyapunguzia nguvu na wanunuzi. Nchini Kenya, ambako gari lililopita miaka 8 tangu kuundwa haliruhusiwi kuingizwa, na lenye usukani wa kushoto halikubaliki ila kwa shughuli maalumu, magari ya aina hiyo ni adimu. Kwa hiyo huko Mogogosiek, katika milima ya chai ya Konoin, Kaunti ya Bomet, mapenzi kama hayo yameangukia Land Rover za zamani zenye bodi ya alumini, pamoja na Peugeot 404 na 504.

Mapenzi hayo si ya kujiliwaza kwa kukosa kilicho bora. Mwaka 1964 Mercury Comet za Marekani, zenye injini za V8, zililetwa kushindana katika Safari, mashindano ya magari yaliyopita katika barabara mbovu za Afrika Mashariki, na nguvu zake zote hazikufua dafu mbele ya tope, kwani ushindi ulikwenda kwa Peter Hughes na Ford Cortina yake ndogo. Mwaka uliofuata alishinda Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, akiwa na nduguye Jaswant ndani ya Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Peugeot 404 nayo ilitwaa ushindi mara 4 kati ya mwaka 1963 na 1968. Rekodi hiyo yaonyesha kwamba barabara za nchi hii zilichagua zenyewe magari ya kuheshimiwa, na mizani yao haikuwa ukubwa wa injini.

Land Rover ilionyeshwa hadharani mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na ilivikwa alumini kwa sababu Uingereza ya baada ya vita ilikuwa ikigawa chuma kwa kipimo. Dhiki ya wengine ikawa neema kwa wakazi wa milima ya chai, ambako mvua haikosekani kwa muda mrefu na barabara ya udongo mwekundu huteleza tangu matone ya kwanza. Gari hilo lilibeba mbolea, miche ya chai, wajawazito waliokuwa wakikimbizwa hospitali usiku na maharusi waliokuwa wakipelekwa kanisani, wakati mwingine ndani ya juma moja. Peugeot 504 yenye safu 3 za viti ilichukua safari ndefu, ikipeleka watu Nakuru na Nairobi, hadi nafasi yake ilipotwaliwa na Nissan za abiria 14. Magari yalikuwa machache, na watu waliokuwa wakichuma majani chai juu ya mlima walimtambua mwenye gari kwa mlio wa injini kabla hajatokeza kwenye kona, wakajua kama ni mwalimu, mganga au karani wa kiwanda. Leo magari ni mengi na milio yake yote ni mmoja.

Fundi anayepokea gari la namna hiyo huanza kazi yake chini, kwenye chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba bodi na injini. Chasisi ya Land Rover ina uwazi ndani, na tope linaloingia humo hukaa na unyevu wake mwaka hadi mwaka, hivi kwamba kutu hula kutoka ndani kuja nje huku rangi ya juu ikiendelea kumdanganya mtazamaji. Fundi wa kweli haiamini rangi. Hulala chini ya gari akaigonga fremu kwa nyundo ndogo hatua kwa hatua, akisikiliza, kwa kuwa chuma kizima hulia na kilichooza hutoa mlio mfu. Pale mlio unapokufa ndipo anapotia alama ya chaki, ndipo atakapokata na kuchomelea kipande kipya. Vilevile huchunguza kila mahali alumini inapokutana na chuma, kwa sababu metali hizi mbili zikigusana penye unyevu, alumini huliwa taratibu ikawa unga mweupe.

Kazi ya bodi yenyewe inastahili sifa kubwa zaidi. Nyanda za Kericho zinajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe, na bonde moja juu ya bati la alumini ni tatizo gumu kuliko linavyoonekana, kwa maana alumini iliyogongwa huwa ngumu na ikigongwa tena bila maandalizi hupasuka. Dawa yake ni kuilainisha kwa moto. Hatari ni kwamba alumini, tofauti na chuma, haigeuki kuwa nyekundu inapopata joto. Hukaa na rangi yake ileile, kisha ghafla ikatoboka na kuyeyuka. Hapo mafundi hutumia sabuni ya kipande, ile ya kufulia nguo: husugua sabuni kavu juu ya bati, kisha hupitisha moto kwa mkono usiotulia mahali pamoja, wakiangalia alama za sabuni zikiwa kahawia, halafu nyeusi. Zikiwa nyeusi, moto huondolewa mara moja na bati huachwa lipoe. Baada ya hapo bati hukubali nyundo ya mbao, huku kipande cha chuma kimekingwa upande wa pili, na bonde hupanda polepole mpaka kiganja kinachopita juu yake kisilihisi. Hakuna chombo cha umeme katika kazi hii yote, wala hakuna sehemu yake inayoweza kuharakishwa.

Ni ufundi huu unaopotea, na unapotea kwa uzembe. Gari la kale linapoletwa gereji siku hizi, bonde hufukiwa kwa pati, yaani lahamu laini inayogandishwa na kupigwa msasa, ambayo hupendeza kwa msimu mmoja kisha hupasuka. Injini hung'olewa ikatiwa ya Toyota kwa kuwa hiyo ndiyo iliyopo. Na kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, hutupwa na vijana ambao hawakufundishwa kukifungua, ingawa kosa lilikuwa uchafu tu katika tundu lake dogo. Aliyefundishwa kubadilisha vipuri peke yake hawezi kulaumiwa kwa kutojua kutengeneza, lakini waliomfundisha hivyo wanastahili lawama.

Mjini Nairobi, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, hufanyika mashindano ya urembo wa magari yaliyoanza mwaka 1970, ambapo waamuzi hukagua hata uvungu, na magari ya reli yana makumbusho yao katika mji huohuo. Land Rover ya mkulima wa Mogogosiek haina mlinzi ila mwenyewe, na mwenyewe ni mzee. Anapofariki, shamba la chai hugawanywa kwa wanawe, ng'ombe huhesabiwa na kila mmoja akapata wake, lakini gari haligawanyiki, hivyo huwa la kwanza kuuzwa, na mnunuzi anayefika mapema kuliko wote ni yule wa vyuma vikuukuu, mwenye mizani, ambaye hulipima kwa kilo na kuikata chasisi papo hapo uani ili ienee kwenye lori.