Asili ya Jina na Maana Yake: Frere, Mbotela na Mitaa ya Eastlands

Wachunguzi kadha wa majina hudhani kwamba kazi yao imekwisha mara waipatapo asili ya neno. Rai hiyo haitoshi. Jina la ukoo Frere, lililo adimu hata huko Uingereza, lilitokana na Kifaransa cha kale, na maana yake ni "ndugu". Lakini mwaka 1875, wamisionari wa C.M.S. walipokiita Freretown kijiji cha watumwa waliokombolewa karibu na Mombasa, si undugu uliotajwa. Aliyetukuzwa ni Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyefika Unguja mwaka 1873 kudai biashara ya watumwa ikomeshwe.

Katika jumuiya hiyo ndimo ulimotokea ukoo wa Mbotela. James Juma Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa (1934), alibeba historia nzima katika majina yake matatu: la kwanza la Kizungu, la pili la Pwani, la tatu la ukoo. Wahakiki wamekilaumu kitabu chake kwa kuuonyesha uhuru kama zawadi ya Mwingereza. Lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, ni humo humo ambamo kizazi cha watumwa kilijisimulia kwa Kiswahili.

Tom Mbotela, wa ukoo huo, alikuwa kiongozi katika chama cha KAU, naye aliipinga Mau Mau hadharani. Aliuawa Nairobi mwezi wa Novemba 1952, wiki chache baada ya hali ya hatari kutangazwa. Diwani Ambrose Ofafa aliuawa mwaka 1953. Wakoloni wakayatia majina yao katika mitaa mipya ya Eastlands. Hapa tena jina lilitolewa na mtawala, kama lile la Freretown.

Lakini wasemaji wana sarufi yao. Mtu husemwa "Mbotela alikufa". Mtaa husemwa "Mbotela kuna watu wengi". Upatanisho ukibadilika, marehemu hutoweka katika sentensi. Ofafa Jericho nayo huitwa Jericho tu, na jina la diwani likaachwa. Kariokor, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, limepoteza kabisa sura yake ya kigeni.

Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa usahaulifu huo ni upatanisho wa kisiasa. Katika Eastlands hiyo hiyo upo mtaa wa Kimathi, jina la yule aliyenyongwa na wakoloni mwaka 1957. Majina mawili ya pande zilizopingana yamekaa jirani, na mkazi huyataja yote mawili kwa pumzi moja anapoelekeza njia. Kwa hiyo kamusi ya majina ya mitaa itakayotaja asili ya neno pekee itakuwa pungufu. Yapasa ieleze pia ni nani aliyelitoa jina, lini, na kwa kumheshimu nani dhidi ya nani.