Kumpima Mwandishi wa Habari za Jiji

Apendaye kuutambua ustadi wa mwandishi wa siasa za jiji asianze na kichwa cha habari, ambacho aghalabu hutungwa na mhariri. Na aanze na aya itajayo fedha, atazame kama kiasi kimeandikwa pamoja na kifungu cha bajeti kilikotoka, mkandarasi aliyepewa zabuni, na siku ambayo kazi ilipaswa kukabidhiwa. Mwandishi hafifu hutosheka na kauli ya Mstahiki Meya. Aliye hodari hulitafuta kabrasha la kikao akalisoma kabla madiwani hawajaketi, kwa kuwa mengi yasemwayo barazani huwa yamekwisha kukatwa shauri katika Kamati ya Fedha na Uongozi.

Lakini sifa niitukuzayo kuliko zote ni kumbukumbu, na Dar es Salaam ndiyo inipayo hoja. Mji huu, ambao Meya wake wa kwanza Mwafrika alikuwa Sheikh Amri Abedi, malenga mashuhuri, umeona serikali za mitaa zikifutwa katika miaka ya 1970 na kurejeshwa. Ukaona Halmashauri ya Jiji ikivunjwa mwaka 1996 na Tume ikishika hatamu. Mwaka 2000 zikaja manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, baadaye Ubungo na Kigamboni. Hata Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Chombo kinapovunjwa, majalada huhama, madeni hurithiwa, maofisa hutawanywa, na ahadi ya mfereji iliyotolewa na waliotangulia haina wa kuidai. Hapo ndipo mwandishi aliyedumu kazini, mwenye madaftari yake ya zamani na makarani wastaafu wanaomwamini, anapokuwa hazina ambayo ofisi yenyewe haina.

Tafuta, basi, habari ya pili. Ile ya kwanza, ya uzinduzi na kukatwa kwa utepe, yeyote aweza kuiandika. Ya pili huandikwa na yule aliyerudi Jangwani baada ya masika, au Kariakoo baada ya wamachinga kuondoshwa barabarani, akauliza wamekwenda wapi na wanauza nini, kisha akayalinganisha aliyoyaona na hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Tazama pia insafu yake: je, jibu la mkurugenzi anayelaumiwa limepewa nafasi ya haki, au limetupwa mwishoni ambako msomaji hafiki?

Bahasha iitwayo nauli, itolewayo na wenye mkutano, huharibu kalamu nyingi, na dalili yake ni habari isiyo na swali hata moja. Hata hivyo nasema kwa uchungu kwamba waandishi wengi hawana ajira ya kudumu, hulipwa kwa kila habari ichapwayo, hivyo uchunguzi wa miezi miwili waweza kumpa mtu ujira uleule wa hotuba ya adhuhuri moja. Anayeendelea kuchunguza katika hali hiyo anastahili heshima kubwa.

Ukimpata wa namna hiyo, lishike jina lake, nunua gazeti lake, na umwandikie mhariri kumsihi asimwondoe katika habari za jiji.