Neva ya Tano: Picha Ijibu Swali Gani?

Maumivu ya neva ya tano ya kichwa hupiga shavu kama shoti ya umeme, sekunde chache tu, kisha mswaki au upepo huyaamsha tena. Kwa kuwa hupitia kwenye fizi, wengi hung'olewa meno mazima bure. Ugonjwa huu hutambuliwa kwa kumsikiliza mgonjwa kabla ya kumpiga picha, na katika mji wa mbali kama Mutshatsha, ambako hata kufika Kolwezi ni safari, mpangilio huo si wa kuonea haya.

Mwaka 1934 daktari wa upasuaji Walter Dandy alieleza mishipa ya damu aliyoikuta imelalia neva hiyo karibu na shina la ubongo; miaka ya 1960 Peter Jannetta akaendeleza upasuaji wa kuitenganisha. Leo IRM, mashine ya kupiga picha kwa sumaku, huionyesha mishipa hiyo bila kisu. Vipande vya picha huwa vyembamba, chini ya milimita moja, na maji yanayozunguka ubongo hung'aa meupe, neva na mshipa vikibaki michirizi myeusi ndani yake. Ipi ni ipi? Huongezwa picha nyingine inayong'arisha damu inayotiririka, kisha mbili hizo hulinganishwa. Mtego upo hapo: mshipa unaogusa neva huonekana pia kwa watu wasioumwa kabisa. Mguso peke yake hauthibitishi kitu; neva iwe imesukumwa kando au imekonda. Tena msomaji aliyekwisha kuambiwa upande unaouma ataona anachokitafuta, na utafiti makini humficha habari hiyo.

Mtu atauliza: na uvimbe je? Swali ni la haki. Takriban asilimia 15 ya wagonjwa wana chanzo kingine, kama uvimbe au ugonjwa wa kuharibika kwa maganda ya neva, na uchunguzi wa mikono hauwezi kukiondoa chote. Kwa hiyo picha inahitajika kwa kila mgonjwa, ila si sharti la kuanza dawa. Ganzi usoni, maumivu ya pande zote mbili au umri mdogo humtanguliza mtu kwenye foleni. Wengine waanze karbamazepini, inayotumika kwa maumivu haya tangu 1962, wakifuatiliwa: huleta usingizi na kushusha chumvi ya damu, hatari kwa dereva wa lori la mgodini.

Safari ya kwenda kwenye mashine ikifika, karatasi ya rufaa iandikwe wazi: vipande vyembamba vya neva ya tano, upande gani. Picha ya kawaida ya ubongo, yenye vipande vya milimita 5, inaweza kuiruka neva yote, na nauli ikawa imeliwa.