Mkongojo Hukaguliwa Kuanzia Chini

Katika vibanda vya wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, jicho la mnunuzi wa mkongojo hukimbilia juu, kwenye kichwa cha simba au sura ya mzee mwenye ndevu. Uchongaji huo unastahili sifa, ila mwenye goti bovu haegemei sifa. Mjuzi huanza kukagua chini, kisha hupanda.

Ncha. Mkongojo usio na mpira mwishoni ni pambo, maana mti mtupu huteleza kwenye vigae, hasa vikilowa. Mpira mzuri ni mpana, una mifereji chini na umebana sawasawa. Uvute: ukichomoka mkononi mwako, utachomoka na barabarani. Mifereji ikilika, mpira ubadilishwe; basi uliza mapema kama saizi yake inapatikana.

Mti. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na ugumu wake ndio unaoufanya utafutwe na watengenezaji wa klarineti. Kwa heshima ya mzee, hauna mshindani. Kwa mkono dhaifu, unachosha. Mninga ni mwepesi zaidi na unatosha. Jihadhari na mti wa kawaida uliopakwa rangi nyeusi ya viatu. Kwaruza kidogo mahali palipojificha uone weusi umeingia hadi wapi. Kisha fuata nyuzi za mti kwa kidole: zishuke moja kwa moja hadi chini. Zinapokatiza kimshazari, au penye kifundo kikubwa, ndipo mkongojo utakapovunjikia. Mwisho usimamishe, uuegemee taratibu. Ukipinda, mrudishie mwenyewe.

Kimo. Mtumiaji asimame wima, amevaa viatu vyake vya kila siku, mikono ikining'inia. Sehemu ya kushikia ilingane na mkunjo wa kifundo cha mkono. Akiushika, kiwiko kikunjike digrii 15 hadi 30. Mkongojo mrefu hunyanyua bega, mfupi humwinamisha mtu. Fundi akate kidogo kidogo, mpira ukiwa umeshahesabiwa, kwani mti ukishakatwa haurefushwi.

Mshikio. Hapa sasa ndipo simba apimwe. Masikio yake yakichoma kiganja, abaki sebuleni. Bakora iliyopinda hutundikika mkononi wakati wa kulipa nauli, lakini mshikio ulionyooka, wenye umbo la herufi T, hubeba uzito vizuri zaidi na humfaa anayeegemea sana. Tikisa kiungio chake. Kikicheza hata kidogo, usinunue.

Anayehitaji magongo ya kwapani aache nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na uzito aubebe kwa viganja, kwa sababu kuning'inia kwapani hubana mishipa ya fahamu mpaka mkono ukafa ganzi. Aliyepoteza mizani ya mwili hafaiwi na mkongojo wala magongo: atafutiwe fremu ya miguu minne, kwa ushauri wa mtaalamu wa fiziotherapia.

Kwa hiyo usimnunulie mzazi mkongojo kwa kumshtukiza. Nenda naye. Aushike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, atembee hatua kadhaa mbele ya fundi, ndipo mjadili bei.