Zila

Mtu akisema "hapo akaondoka," hatumuulizi kama "hapo" ni mahali au ni wakati. Sikio limeshajua. Basi chukua neno la namna hiyo, ulichonge kwenye jiwe kusini mwa nchi inayoitwa leo Uturuki, lugha yake ife, jiwe likae miaka 2,700 na zaidi, kisha mwite mgeni aje alisome.

Neno ninalolisema ni zila. Ni kielezi cha Kiluwi, ndugu wa Kihiti, lugha iliyoandikwa kwa mwandiko wa kabari katika vibao vya udongo vya Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, na kwa hieroglifi katika mawe ya wafalme wa Karkamish, Malatya na Hama. Hujitokeza kwa nadra. Wasomi hulifasiri "baada ya hapo" au "ndipo". Fasiri hiyo ya neno moja imebeba kazi ya miaka mingi, nami kila nikiifuatilia naistaajabia upya.

Nomino katika mawe hayo mara nyingi hutembea na picha yake: mji una alama yake, mungu ana yake. Hata vielezi vya "juu" na "mbele" vina alama. Zila halina picha. Ni silabi mbili tu, zi na la. Na silabi zenyewe hazikupangwa kama tulivyozoea. Mstari huenda kulia, ukageuka kurudi kushoto kama maksai walimao. Nyuso za wanyama na watu ndizo zinazokuonyesha uanzie upande gani. Alama ya kutenga maneno ipo mahali, mahali haipo. Tena neno la kwanza la sentensi hugandwa na viambishi kadhaa mfululizo, na msomaji ndiye wa kukata. Akikata vibaya, kielezi kinamezwa na jirani yake.

Lakini lililonivuta zaidi ni habari ya ile silabi ya kwanza. Kwa miongo kadhaa alama yake ilisomwa i. Kionyeshi cha "hiki" nacho kilisomwa hivyohivyo, i-, ilhali Kiluwi cha vibao vya udongo kilisema wazi za-. Kiluwi cha mawe na Kiluwi cha udongo vikaonekana kama ndugu wa mbali. Mitungi ndiyo iliyosema. Huko Altıntepe, mashariki mwa Uturuki, ilipatikana mitungi mikubwa ya akiba ya watu wa Urartu, imeandikwa vipimo vyake kwa hieroglifi. Kipimo kimoja, terusi, kilikuwa kimeshajulikana kutoka maandishi ya kabari ya Kiurartu. Kilikubali kusomeka pale tu alama iliyodhaniwa kuwa ya irabu ikipewa sauti ya za. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 David Hawkins, Anna Morpurgo Davies na Günter Neumann walikusanya ushahidi huo na mwingine, wakabadili usomaji wa alama nne. Alama nne tu! Kionyeshi kikawa za-, na kielezi chetu kikakaa karibu nacho: zila na za-, kama "hapo" yetu na jamaa zake "hapa" na "huyu". Hata maandishi ya Wahiti yana zilatiya, yaani siku za usoni.

Ukoo wa neno, hata hivyo, hautoshi kutoa maana. Fundi hukusanya kila mahali neno lilipotokea, akatazama kilichotangulia na kilichofuata, akajaribu "hapa", akajaribu "baadaye", akajaribu "kwa hiyo". Maana inayopendeza kwenye jiwe moja na kuvunja sentensi ya jiwe jingine huachwa, ingawa inauma. Na maana ikishapatikana, kuifasiri ni kazi nyingine. Tazama arha, kielezi cha "mbali", jinsi kinavyoandamana na kitenzi cha kufuta katika laana za wafalme kwa atakayeondoa majina yao. Anayeandika "akifuta kwenda mbali" hajafasiri. Sisi tunayo "akifutilia mbali", na inaingia kama mpini katika jembe.

Msaada mkubwa ulitoka Karatepe, mahali alipofika Helmuth Bossert pamoja na Halet Çambel mwaka 1946. Maandishi ya Azatiwada, mtawala wa huko, yapo kwa lugha mbili: Kifoinike, ambacho wasomi walikuwa wakikisoma, na Kiluwi. Humo anajisifu kwamba njia zilizoogopwa na wanaume sasa zapitwa na wanawake wenye pia zao za kusokotea. Çambel hakuchukua picha akaenda zake. Aliyatunza mawe hayo kwa miongo, akapigania yabaki palepale.

Mwaka 2000 Hawkins alichapisha mkusanyo wa maandishi ya Kiluwi ya Zama za Chuma: michoro, picha, usomaji na maelezo ya mstari kwa mstari. Penye shaka ameweka alama ya kuuliza. Kwangu mimi, kazi hiyo ni miongoni mwa kazi safi kabisa za mikono ya wasomi wa karne iliyopita.