Meza ya Mpingo na Jina la Fundi

Treni ziendazo Victoria kutoka Gatwick hupita Thornton Heath, kusini mwa London, na nyingi hazisimami. Kitongoji hiki kimo katika manispaa ya Croydon, ambamo jengo la Lunar House limekuwa kwa miaka mingi mlango wa waomba hifadhi. Ni mahali panapofaa kuisomea upya By the Sea (2001), riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Nayo huanzia Gatwick: mzee Saleh Omar anatua na pasipoti yenye jina la mtu mwingine, na ofisa wa uhamiaji anamtwalia kijikasha chake cha udi.

Riwaya hii husomwa zaidi kama kisa cha ukimbizi. Hata hivyo, kabla ya kuwa mkimbizi, Saleh Omar alikuwa muuza samani kisiwani kwao. Alinunua vitu vizuri vya wenyeji, akawauzia Wazungu. Alivipenda kwa dhati, na hapo ndipo ulipo ukali wa Gurnah: kukipenda kitu kizuri hakumwondolei lawama anayekitwaa. Meza ndogo ya mpingo inatoka dukani mwake ikiwa zawadi, kisha inarudi mikononi mwake pamoja na nyumba iliyotwaliwa kwa hati ya deni. Kijana Latif anatumwa kuiomba, ananyimwa. Miaka mingi baadaye, mbele ya ofisa anayevutiwa na kijikasha, mnyimaji anaonja kunyang'anywa.

Dosari ipo. Muuzaji na mdai wamepewa usemi mpana. Fundi aliyeichonga meza hana hata jina. Wakusanyaji wa samani za Brazili za katikati ya karne ya 20 huuliza kwanza: ni kazi ya Joaquim Tenreiro au ya Sergio Rodrigues? Jakaranda ya mafundi hao, Dalbergia nigra, si ule mti wa maua ya zambarau unaopamba Nairobi. Ni ndugu wa mpingo, Dalbergia melanoxylon. Mkataba wa CITES umeibana biashara ya mti wa kwanza tangu 1992, na wa pili tangu 2017. Ukoo wa miti ni mmoja, lakini heshima ya wachongaji si moja. Kiti cha enzi cha mpingo na pembe huuzwa kwa jina la Lamu, la Unguja au la pwani nzima, na aliyekitengeneza amefutika.

Pamoja na hayo, riwaya inafidia kwa njia yake. Mwishoni Latif harudishiwi meza. Anapewa masimulizi ya nani alikopa, nani alidanganya na nani alipoteza nyumba. Hati ya mnada huanzia kwa mnunuzi wa kwanza anayejulikana. Masimulizi ya Saleh yanaanzia kwenye nyumba ambamo kitu kilitolewa. Msomaji wa ughaibuni aliyebakiwa na kiti kimoja cha kwao ana haki ya kuuliza hatua moja nyuma zaidi, pale ambapo Gurnah amenyamaza: nani alikichonga?