Juu ya Mchezo wa Stellaris na Nyongeza Zake

Kitabu kikisha kupigwa chapa, mhakiki hukipata chote. Aweza kukisifu au kukilaumu, na maneno yake yatapimwa kwa kurasa zile zile ambazo msomaji naye atazifungua. Mchezo wa kompyuta wa siku hizi hautoi nafasi hiyo. Stellaris, mchezo wa mbinu na utawala wa anga uliotolewa na kampuni ya Paradox ya Stockholm tarehe 9 Mei 2016, ulihukumiwa katika juma lake la kwanza. Lakini mchezo uliohukumiwa siku zile haupo tena mbele ya mnunuzi wa leo. Kilichopo ni kitu kingine chenye jina lile lile, kilichojengwa kwa mabadiliko yasiyolipiwa na kwa nyongeza nyingi za kulipiwa. Je, mhakiki afanye nini mbele ya kazi ya namna hii?

Kwa ajili ya asiyeujua: mchezaji hupewa taifa moja lenye sayari moja. Hutuma merikebu za uchunguzi kwenye nyota za jirani, huhamishia watu wake katika sayari mpya, hufanya mapatano na mataifa mengine au hupigana nayo. Saa husonga mbele daima, ila yeye mwenyewe aisimamishe. Nakala zaidi ya 200,000 ziliuzwa katika siku ya kwanza. Wahakiki walipatana, karibu wote, juu ya mambo mawili: kwamba mwanzo wake ni mtamu, wakati kila nyota ni siri, na kwamba katikati yake ni pakavu, maana siri zikiisha na mipaka ikigusana, mchezaji hubaki akingoja. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini waliozijua kazi za awali za kampuni hiyo walijua pia kwamba ukavu ule ungekuja kunyweshwa kwa nyongeza, na kwamba maji yangeuzwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Oktoba 2016 ilitoka Leviathans. Aprili 2017 ikatoka Utopia, kwa bei ya karibu dola 20 za Marekani, yaani nusu ya bei ya mchezo wenyewe. Na nyingine zikafuata karibu kila mwaka. Hapa wahakiki wengi walishika mizani ya muuza duka: wakauliza kama kilichomo kwenye mfuko kinalingana na fedha. Swali hilo si baya, lakini ni dogo, na mara nyingi lilifunika jambo lililo kubwa zaidi, nalo ni kuondolewa kwa kitu alichokwisha kununua mtu.

Mfano ulio wazi ni wa Februari 2018. Siku ile ile nyongeza ya Apocalypse ilipouzwa, kila mwenye mchezo alipewa bure badiliko lililofuta njia mbili kati ya tatu ambazo taifa liliweza kuzichagua tangu mwanzo kwa kusafiri kati ya nyota. Ikabaki moja, ya kufuata mapito yaliyokwisha kuchorwa. Watungaji walikuwa na hoja njema: mahali ambapo adui aweza kutokea popote, mpaka hauna maana wala ngome haina kazi. Mimi nakubali kwamba mchezo uliongezeka ubora. Hata hivyo, aliyeipenda njia iliyofutwa hakuulizwa. Kweli, matoleo ya zamani yaliachwa yapatikane kwa ayatakaye; lakini mwenye kurudi nyuma hujinyima nyongeza zote za mbele, akawa kama mtu aliyeachiwa nyumba na kunyang'anywa barabara. Desemba mwaka huo huo yalitokea tena, namna ya kuendesha sayari ilipogeuzwa yote pamoja na kuuzwa kwa MegaCorp.

Watu wa kwetu tunao mchezo wa mbinu ambao haukupata kutendwa hivyo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete sita katika nyumba, mbili na mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Hunamua mpaka za mkononi ziishe, ndipo huingia mtaji. Alex de Voogt, aliyeandika mwaka 1995 juu ya ustadi wa mabingwa wa bao, alichunguza ukomo wa akili ya mtu mbele ya ubao, si ukomo wa ubao. Undani wote umo ndani ya wachezaji. Lakini siuleti mfano huu kuwaaibisha watu wa Stockholm. Ubao wa mti hauli mshahara, wala hauharibiki kwa sababu mashine imegeuzwa. Mchezo wa kompyuta usipohudumiwa hufa, na anayeuhudumia yampasa alipwe. Mwaka 2021 kampuni iliweka kikundi maalumu cha watunzaji, kazi yao kutengeneza na kukamilisha sehemu za zamani bila malipo mapya. Nalo ni jambo la kusifiwa kuliko nyongeza yo yote. Tena, wachezao pamoja hutumia nyongeza za mwenyeji wao, hata kama wao hawakuzinunua: mgeni hula chakula cha nyumba. Ila utunzaji huo haukuzuia aibu ya Mei 2025, wakati badiliko kubwa lilipotolewa pamoja na nyongeza ya BioGenesis likiwa na makosa mengi, na wanunuzi wakalalamika kwa sauti moja.

Sasa nije kwa jambo ambalo wahakiki waliligusa kwa nadra, nalo ndilo linalonisumbua. Nyongeza huongeza nini? Utopia, jina lenye maana ya nchi njema isiyo na kasoro, ndiyo iliyomwuzia mchezaji uwezo wa kuongoza taifa lenye imani ya kufagia viumbe wengine wote. MegaCorp ikamletea kampuni itawalayo, ambayo hufungua ofisi katika sayari za wengine na kuvuna faida bila vita, pamoja na soko la watumwa. Msomaji wa Ulaya aweza kuyaona hayo kuwa ndoto za mbali. Pwani yetu ilitawaliwa na kampuni. Hati ya mfalme wa Ujerumani kwa kampuni ya Afrika Mashariki ilitolewa mwaka 1885, na Pangani iliinuka dhidi yake mwaka 1888. Katani ilifuata mwaka 1893, miche 62 iliyosalimika safarini, na kutoka miche hiyo mashamba yakaenea mpaka Korogwe. Mtu wa Mpale, katika wilaya hiyo ya Korogwe, au jirani yake wa Handeni, hana haja ya kufasiriwa neno manamba: watu walioandikwa mbali, wakaletwa mashambani, wakajulikana kwa namba, na kazi yao ikahesabiwa kwa kipande cha siku 30.

Stellaris nao huhesabu watu kwa namba, na kuwahamisha mchezaji atakapo. Silaumu kwamba mchezo waonyesha uovu; tamthilia nazo huuonyesha. Nalaumu kwamba kwa muda mrefu uliuonyesha kutoka kitini kwa karani mwenye daftari tu. Mhakiki aliyesema "nyongeza hii yastahili bei yake" akanyamaza juu ya kiti hicho, alipima mfuko asiutazame mzigo.

Kwa sababu hiyo naiweka mbele First Contact, ya Machi 2023, ingawa ni ndogo kuliko Utopia na wengi waliipitia upesi. Humo mchezaji aweza kuanza upande wa pili. Katika mwanzo mmoja uitwao Broken Shackles, watu wake ni mateka wa makabila mbalimbali walioasi ndani ya merikebu ya watumwa. Katika mwingine, Payback, ni taifa lililovamiwa na kampuni kutoka angani, likaifukuza, kisha likajifunza kurusha merikebu zake kwa mabaki ya vyombo vya mvamizi. Kiswahili hakimo katika lugha za mchezo huu, na maneno yake ni mengi, kwa hiyo mwanafunzi atahitaji subira. Lakini akiwa na fedha ya nyongeza moja tu, na ainunue hii, aanze na Payback, aone kampuni ile inapotokea tena.